Shemeji anataka kompyuta zote zibadilishwe kwa mkupuo

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Nina stesheneri ndogo Morogoro, jirani na chuo. Nachapa, natoa kopi, naskani, lakini hela yangu kubwa inatoka kwa wanaojaziwa fomu mtandaoni: mikopo ya chuo ya HESLB, maombi ya kazi serikalini ya Ajira Portal, usajili wa biashara BRELA, mambo ya TIN, ile namba ya mlipakodi. Msimu wa mikopo ukifika foleni inatoka hadi nje, na hapo ndipo mashine zangu zinaponiaibisha.

Ninazo tatu. Ya kwanza ni Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mezani, i5-3470, RAM 4GB, diski ya 500GB, Windows 10. Hii ndiyo yenye printa zote mbili. Nikiiwasha asubuhi nafagia, napanga rimu, nachemsha na chai kabla haijawa tayari. Ya pili ni HP Compaq, Core 2 Duo, RAM 2GB, Windows 7. Binti anayenisaidia anaichapia tu, maana kurasa nyingi za intaneti zimeshaigomea. Ya tatu ni laptopu, HP ProBook 450 G5, stika yake inasema i5 8th Gen, RAM 4GB, diski ya 500GB, Windows 10. Betri yake imekufa. Chaja ikichomoka inazima hapo hapo. Nayo inaganda sana siku hizi.

Halafu kuna tableti, Samsung Galaxy Tab A ya inchi 10 ya mwaka 2016. Mchana ni ya WhatsApp ya dukani, wateja wanatuma nyaraka zao humo, jioni mwanangu wa darasa la sita anaisomea. Kioo kimeanza kuachia upande mmoja nikakibana na selotepu, ila inafanya kazi.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi kompyuta. Anasema Windows 10 imekufa tangu Oktoba 2025 na vyote nilivyonavyo ni vya kutupa. Amenipigia hesabu: laptopu tatu za mtumba, HP EliteBook 840 G4, RAM 8GB, SSD 256GB, zimeshapigwa Windows 11, laki sita kila moja. Tableti mpya laki nne. Jumla 2,200,000. Mashine zangu tatu atazichukua kwa 250,000, kwa hiyo nitoe 1,950,000. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha milioni mbili, marejesho miezi sita.

Fundi mwingine wa mtaa wa pili ameniambia nimpe 150,000 tu aweke SSD na RAM kwenye ile Dell, "itapaa". Sijui nani mkweli. Nahisi shemeji ana chake kwenye hizo laptopu, lakini nitalisemaje? Mwaka jana printa niliipeleka kwa fundi mwingine, shemeji akasusa kuja nyumbani mpaka sikukuu. Mume wangu anasema damu yake haiwezi kuniibia, na kwamba mimi ni mbahili, nasubiri mpaka vitu vife ndipo ninunue.

Pengine ni kweli. Nisubiri vife, au nibadilishe vyote kwa mkupuo yaishe?

Mama Stesheneri, Morogoro


JIBU

Marahaba, mama. Nitafika kwenye kompyuta na kwa shemeji, ila kuna sentensi moja umeipitia haraka na ndiyo isiyosubiri. Kioo cha tableti ya umri huo mara chache huachia chenyewe. Mara nyingi ni betri iliyo chini yake imevimba na inakisukuma kutoka ndani. Usiichaji tena, na mtoto asipewe jioni ya leo. Selotepu ibandue polepole bila kukandamiza kioo, maana kukibana ni kuibana betri. Kama bado ina chaji iliyobaki, hifadhi mazungumzo ya WhatsApp kwenye akaunti yako ya Google kisha uizime. Iweke kwenye sakafu ya saruji au ndani ya karai lenye mchanga mkavu, mbali na rimu zako. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa au ikikunjwa inaweza kushika moto, na wewe unalala na karatasi za kutosha kuuendeleza. Anayeifungua awe fundi aliyewahi kutoa betri za namna hiyo, wala si mtu mwenye bisibisi na haraka.

Sasa tukae.

Ukiiangalia barua yako unaniuliza uchague kati ya njia mbili, kusubiri vife au kubadilisha vyote. Mume, shemeji na fundi wa mtaa wa pili kila mmoja ameshika upande wake. Lakini ulivyovitaja mwenyewe ni vitu vinne vyenye hali nne tofauti, na neno "chakavu" limevifunika vyote kana kwamba ni kimoja. Kompyuta inakushinda kwa namna mbili. Inaweza kuwa imechoka, yaani kuna kifaa ndani kinachoivuta nyuma na kinabadilishika. Au inaweza kuwa imeachwa, yaani aliyetengeneza programu zake ameacha kuihudumia, hata kama chuma chake ni kizima. Iliyochoka unaiondolea uchovu kwa pesa kidogo. Iliyoachwa huirudishi kwa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, wala kwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba kazi zilizo wazi.

Tuanze na hilo neno la shemeji, kwamba Windows 10 imekufa. Ana hoja, ingawa ameikaza kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipelekea Windows 10 masasisho ya bure ya usalama. Mashine haikuzimika siku hiyo na haitazimika. Kinachotokea ni kwamba kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi. Kwa mtu anayetazama picha za harusi nyumbani, hilo linavumilika kwa muda. Kwa stesheneri ni jambo zito zaidi, na hapa nadhani shemeji angekueleza vizuri zaidi kama angeacha kusema "imekufa". Kwako kila mteja anachomeka flashi yake, iliyotoka kuchomekwa pengine, halafu kwenye mashine ileile mteja anayefuata anaandika nywila ya Ajira Portal na namba ya NIDA. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza taarifa za watu kwa uangalifu si hisani tena.

Upo mpango wa kuongezewa muda. Kwa watu binafsi Microsoft wanaendelea kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update, kwa akaunti ya Microsoft, na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao hulipi. Vinginevyo ni dola 30. Masharti ni mawili ya kuangalia. Windows yenyewe iwe toleo la 22H2 (andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia utaliona) na iwe na leseni halali. Pia mpango huo umekusudiwa watu binafsi. Biashara zina mpango wao wa kulipia, dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza. Kwa vyovyote ni daraja la miezi michache tu.

Njoo kwenye laptopu yako, ProBook. Hii ndiyo iliyonifanya niisome barua mara ya pili. Windows 11 inadai, miongoni mwa mambo mengine, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core ya kizazi cha 8 au zaidi na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Stika yako inasema kizazi cha 8. Kwa hiyo unayo mashine inayokubalika rasmi, na ndiyo pekee kati ya tatu. Inaganda kwa sababu RAM ya 4GB imezidiwa na diski ni ya kuzunguka. Modeli hiyo ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4 ya laptopu, ina nafasi ya SSD fupi ya M.2, na pale diski ya sasa ilipo inaingia SSD ya kawaida ya inchi 2.5. RAM ikifika 8GB, SSD ikiwekwa na betri ikabadilishwa, hiyo ni mashine nyingine. Betri usiione kama anasa: umeme ukikatika katikati ya fomu ya mkopo, laptopu yenye betri nzima inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Chukua namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani ndiyo uende nayo dukani, maana jina la laptopu peke yake halitoshi.

Kuna kikwazo kimoja mafundi hukutana nacho hapo. Programu ya Microsoft ya kupima, PC Health Check, inaweza kusema mashine haifai hali inafaa, kwa kuwa TPM imezimwa au Windows ya mwanzo ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha. Kwenye HP unabonyeza F10 mara tu inapowaka, unawasha TPM na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), kisha Windows inapigwa upya kwa mtindo mpya wa kuwasha, UEFI, kwenye SSD mpya. Leseni yako ikiwa halali itajitambua yenyewe ukiingia intaneti, kwa sababu imefungamana na ubao mama. Diski kubadilika hakuisumbui.

Na sasa zile laptopu za shemeji. EliteBook 840 G4 ni mashine nzuri, imara, kibodi yake tamu. Lakini prosesa zake ni za kizazi cha 7, zile i5-7200U na i5-7300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7. Hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwamba zimeshapigwa Windows 11 maana yake kuna mtu ameruka ukaguzi, jambo linalowezekana kwa programu za bure kama Rufus na ambalo hufanywa kila siku. Inafanya kazi, ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi halishuki lenyewe, linahitaji fundi alipige kwa mkono. Sababu uliyopewa ya kubadilisha ni kwamba Windows yako imeachwa. Ukilipa laki sita mara tatu kwa mashine zilizo nje ya orodha, sababu hiyo itakuwa bado iko palepale, na utakuwa umetoa ProBook iliyomo ndani ya orodha.

Je, hapo shemeji amekuibia? Usikimbilie huko. Muuzaji wa mtumba huzileta zikiwa zimeshawashwa na Windows 11, fundi anaziona zinapiga kazi, anaziuza kwa moyo mweupe. Inawezekana pia ana asilimia yake. Fundi anayetafutia mteja mashine kupata chochote si dhambi, mradi kijulikane. Hesabu yake inaweza kukosea bila yeye kuwa mwizi, na ukilishika hilo utaweza kuongea naye juu ya prosesa bila kugusa heshima yake. Mume wako naye, anaposema damu yake haiwezi kukuibia, anajibu swali la uaminifu. Wewe swali lako ni la kizazi cha prosesa. Mnaweza kubishana mwaka mzima bila kukutana.

Dell ya mezani ina habari tofauti. Fundi wa mtaa wa pili hakudanganya. Prosesa yake, ile i5-3470, ina viini vinne vya kufanyia kazi (cores), na kwa kuchapa, kuskani na kutuma kazi printa inatosha mpaka leo. Kinachokuchosha asubuhi karibu hakika ni diski. Thibitisha mwenyewe: mashine ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, angalia safu za CPU, Memory na Disk wakati binti anaendelea na kazi ya kawaida. Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku CPU iko chini, umeona mgonjwa. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na siku njema, na ikitakiwa kuokota vifaili vidogo vingi huku na kule, kama inavyofanya Windows inapowaka, hushuka vibaya sana. SSD ya SATA hufika 500 na haina sindano ya kuhangaika.

Kabla hujagusa chochote weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikisema Caution kwa rangi ya njano, hasa kwenye mistari ya Reallocated Sectors au Current Pending Sector, nakili faili za wateja siku hiyohiyo. Diski zilizokatikiwa umeme mara nyingi bila UPS, ile betri ya akiba ya kushikilia umeme ukikatika, hufa hivyo, sekta baada ya sekta, mpaka asubuhi moja ikatae kabisa. Hapo ndipo "kusubiri ife" kunapogharimu kuliko unavyodhani. Kompyuta haifi peke yake, inakufa na faili.

RAM ya Dell hiyo ni DDR3 ya kompyuta ya mezani, vipande virefu. Ya laptopu haiingii na DDR4 haiingii. Vipande viwili vya 4GB ni bora kuliko kimoja cha 8GB, kwani vikikaa kwa jozi vinasomwa kwa pamoja. Ikifungwa na taa ya kuwashia ikapepesa rangi ya chungwa bila picha kuja, huenda kipande hakijakaa. Kitolewe, miguu ya dhahabu ifutwe kwa raba ya penseli, kirudishwe mpaka vibano viite. Mwambie fundi apulize vumbi na abadilishe ile betri ndogo ya duara, CR2032, wakati kifuniko kiko wazi. Ikiisha, tarehe ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila ikikosa umeme, na kurasa za serikali zinagoma kufunguka kwa kisingizio cha usalama. Watu wamepiga Windows upya kwa ajili ya kibetri hicho. SSD uliyouziwa kama mpya ipime kwa CrystalDiskInfo ileile mbele ya muuzaji: mstari wa Power On Hours ukionyesha maelfu ya saa, imetoka kwa mtu. Bei ya RAM na SSD imekuwa ikipanda duniani tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo muulize kama ile 150,000 bado ipo na inajumuisha nini hasa.

Ila fahamu kikomo chake. Hata ikipaa, hiyo Dell ni ya kizazi cha 3. Imeondolewa uchovu, haijaondolewa kuachwa. Unaweza kuiweka kwenye mpango wa nyongeza hadi Oktoba 2026. Unaweza kuiruka ukaguzi na kuipa Windows 11, kwa hatari zilezile za EliteBook, ila kwa 150,000 badala ya laki sita. Unaweza kuiwekea Linux Mint, ambayo ni bure na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Lakini ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisimika, uone kama printa zote mbili na skana zinaitikia, na kama fomu za Word za wateja hazipotezi mpangilio zikifunguliwa na LibreOffice. Barua ya kawaida haisumbui. Wasifu wenye majedwali na picha pembeni ndio huchezacheza, na mteja wa wasifu huwa hana subira. Au unaweza kuigawia kazi tu: iwe ya kuchapa na kuprinti, waya wa intaneti uchomolewe, nywila za watu ziandikwe kwenye ProBook peke yake. Njia hii ya mwisho haina gharama, lakini inataka nidhamu kwa binti na kwako pia siku foleni imefika barabarani, na inakuachia kompyuta moja tu ya mtandaoni katika msimu wenye mahitaji ya mbili.

Kuhusu Compaq sina mengi. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109 la mwaka 2023, ndiyo maana kurasa zinaigomea. Prosesa za Core 2 Duo zinakosa maagizo ambayo Windows 11 za sasa haziwaki bila hayo, hata ukiruka ukaguzi. Kila shilingi utakayoiweka humo itakaa humo. Kama inachapa, ichape bila intaneti mpaka itakapochoka.

Tableti tuigawe mara mbili, maana ina kazi mbili. Ya dukani huenda haihitaji tableti: WhatsApp ya biashara inaweza kukaa kwenye simu yako na kuunganishwa na kompyuta, nyaraka zikashukia palepale zinapoprintiwa bila kuzituma mara mbili. Vifaa vya kuunganisha ni hadi vinne, na simu mama isipotumika kwa siku 14 vinajitoa vyenyewe. Kasoro yake ni kwamba mazungumzo ya wateja yatakuwa wazi kwenye kompyuta ya dukani, kwa hiyo funga kila jioni. Ya mtoto ni suala jingine. Betri mpya inaweza kuifufua, lakini modeli hiyo iliishia Android 8.1, na Chrome imeacha kuipa matoleo mapya mwaka 2025. WhatsApp bado inaikubali. Video za masomo zilizoshushwa zitaendelea kucheza, programu mpya zitakuwa zinagoma moja baada ya nyingine. Betri yenyewe ikiwa bandia unaweza kurudi kwenye uvimbe uleule. Ukifikia kununua nyingine, uliza imetoka na Android ya ngapi na kampuni imeahidi kuihudumia mpaka lini, kabla hujauliza inchi. Na usishuke chini ya RAM ya 4GB na hifadhi ya 64GB, kwa sababu kwenye tableti hivyo vimegandishwa kwenye ubao, haviongezwi.

Nirudi kwenye mkopo. Milioni mbili kwa miezi sita ni zaidi ya laki tatu na thelathini kila mwezi kabla ya riba. Kabla hujaamua kwamba mashine ndizo zinazokukosesha hiyo pesa, weka daftari mezani kwa wiki mbili. Kila mteja anayeondoka bila huduma andika sababu: umeme, mtandao, mashine imeganda, foleni, bei. Mfumo wa mikopo ukielemewa siku za mwisho, kompyuta ya milioni tatu itazungusha kiduara kilekile. Namna ya kujua ni kufungua ukurasa huohuo kwenye simu kwa intaneti ileile. Simu nayo ikisubiri, usiilaumu Dell. Daftari likionyesha wateja wengi wameondoka kwa mashine, mkopo unaweza kujilipa ndani ya msimu na mume wako atakuwa na hoja. Likionyesha umeme, UPS na betri ya laptopu zinaweza kukufaa kuliko laptopu tatu. Kwa upande wa pili, laptopu zinakula umeme kidogo: kompyuta ya mezani na kioo chake kwa saa kumi hukaribia uniti moja, laptopu robo yake. Zidisha kwa siku zako za kazi na bei ya uniti zako za Luku uone kama inakutisha.

Usisahau kwamba mashine moja nzuri ni njia pia, kati ya sifuri na tatu. Ukiongeza laptopu moja ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na ProBook iliyotengenezwa, una mbili za mtandaoni na Dell ya kuprinti. Hatari yake ni kwamba mtumba ni mtumba: EliteBook 840 G5 nyingi ni za kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka na cha 7 ndani ya kava lilelile, hivyo soma skrini ya About ndani ya Settings, usisome mgongo. Chukua pia ripoti ya betri. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, ongeza bei ya betri kwenye hesabu yako.

Na ile 250,000 ya mashine zako za zamani, ndani yake mmeuza na diski. Zimejaa vyeti, vitambulisho na sahihi za watu wa Morogoro. Kufuta faili hakutoshi, zinarudishika. Ama diski zibaki kwako, ama zifomatiwe kikamilifu bila kuweka tiki kwenye Quick Format, kazi ya saa kadhaa kwa 500GB. Atakayezichukua akishusha bei kwa kukosa diski, hilo ni la kujadili naye.

Kwa shemeji, labda usiende na hukumu. Nenda na karatasi. Mwombe akuandikie mashine moja moja: prosesa namba gani, inakubalika Windows 11 rasmi au imerukishwa, dhamana ya muda gani, na kama akikufanyia kazi ya SSD na RAM kwenye ProBook na Dell ufundi wake ni shilingi ngapi. Mlipe ufundi huo kama ungemlipa yule wa mtaa wa pili. Mara nyingi kinachomsusisha fundi wa ukoo ni kuona kazi imepita mlangoni kwake ikaenda kwa mwingine, kuliko kupungua kwa faida ya mauzo. Inawezekana akakubali, inawezekana akanuna tena mpaka sikukuu. Mume wako akiwepo mezani wakati karatasi inasomwa, angalau mtakuwa mmeiona namba moja nyote watatu. Na kama kikoba kinakubali kukopa kwa awamu, waulize wenzako kabla ya kikao kijacho, kwa sababu nusu ya mkopo sasa na nusu baada ya msimu inakuachia nafasi ya kubadili mawazo daftari likishajaa.